Ng'ombe Walipokula Maua

Mwishoni mwa Oktoba 1952, katika uwanda uliopakana na njia ya reli, mbali kidogo na mji wa Calcutta, bwana mmoja mrefu wa kimo, ambaye siku za kazi alikuwa mchoraji katika kampuni ya Kiingereza ya matangazo, aliwakusanya rafiki zake wachache, akawaingiza watoto wawili katikati ya majani ya kaash, ambayo ni jamaa ya muwa na huchanua mara moja tu kwa mwaka maua meupe laini kama sufi iliyochambuliwa, akaanza kupiga filamu yake ya kwanza. Siku hiyo walipata nusu ya onyesho. Jua likawatupa mkono, wakafunga vyombo vyao wakaenda zao, wakiahidiana kurudi wiki ya pili yake kulimaliza. Waliporudi hawakuyakuta maua. Ng'ombe wa wenyeji walikuwa wamepita na kuyala yote, na uwanda uliokuwa mweupe kama povu la bahari sasa ulikuwa mashina matupu. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja mwaka mzima mpaka majani yaote na kuchanua tena, nao wakangoja.

Bwana huyo alikuwa Satyajit Ray, na filamu ni Pather Panchali, iliyotolewa katika riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, nayo yahadithia maisha ya jamaa fukara katika kijiji cha Bengali: baba mwenye ndoto za uandishi, mama anayehesabu punje za mchele, binti yao Durga, mwana wao mdogo Apu, na ajuza wa ukoo asiye na pa kwenda. Sisi wa pwani hii, ambao wazee wetu walijazana Majestic ya Unguja na Avalon ya Dar es Salaam kuwatazama Raj Kapoor na Nargis, na wasiojua hata neno moja la Kihindi wakazikariri nyimbo zao barabara, tumezoea kudhani kwamba sinema ya Bara Hindi haiwi ila kwa ngoma, machozi na mapambo. Matajiri wa filamu wa Calcutta nao walikuwa na itikadi hiyo hiyo. Ray alipowazungukia na daftari lake la michoro, maana mswada kamili hakuwa nao, alikuwa na picha tu alizozichora kwa mkono wake, moja baada ya moja, kama aliyekwisha kuiona filamu yote kichwani, walimwuliza nyimbo ziko wapi. Naye nyimbo hakuwa nazo.

Na jeshi lake lilikuwaje? Mpiga picha, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hajapata kuiendesha kamera ya sinema maishani mwake. Hazina yake ilikuwa kwamba Mfaransa Jean Renoir alipokuja Bengali kupiga filamu ya The River, kijana huyu alijipenyeza kutazama, akawa kila siku anaandika na kuchora jinsi taa zilivyowekwa na mahali kamera iliposimama. Msanifu wa mandhari, Bansi Chandragupta, alikuwa amepata kusaidia katika filamu hiyo hiyo ya Renoir. Mwongozaji mwenyewe hakuwa amepata kuongoza kitu. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wapenda filamu cha Calcutta mwaka 1947, na mwaka 1950 kampuni yake ilipompeleka London alikaa huko miezi kadhaa akatazama filamu zipatazo mia moja, mojawapo ile ya Vittorio De Sica juu ya mtu aliyeibiwa baiskeli, iliyopigwa mitaani pamoja na watu wasiokuwa waigizaji. Akatoka mlangoni akiwa na yakini kwamba jambo lake linawezekana, na melini, akirudi kwao, akaanza kuandika.

Vijana wanijiapo kuniuliza habari za kutengeneza filamu kwa fedha kidogo, nao huja wengi, swali la kwanza huwa ni la kamera: ya aina gani, ya bei gani, je, simu yaweza? Simu yaweza. Mmarekani Sean Baker alipiga Tangerine kwa simu, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2015 mbele ya watu wasiokubali upuuzi. Kamera si shida, na kwa hakika haijapata kuwa shida kubwa hata zama za Ray, maana hukodiwa. Kinachonunuliwa na fedha katika kazi hii, na ambacho mtu hakitambui mpaka akikose, ni siku zilizofuatana. Mwenye fedha hukodi watu arobaini au mia, akawalisha, akawalaza, akaipiga filamu yake yote kwa wiki sita au nane, na katika muda huo nyasi hazijawa ndefu mno, mtoto hajang'oka jino, mpangaji wa nyumba ya jirani hajahama. Fukara hupiga siku mbili leo, siku moja baada ya Mfungo Mosi, siku tatu pindi shemeji atakapolipwa mafao yake. Na siku zote hizo, zilizotawanyika katika mwaka mzima au miwili, hazina budi kuonekana machoni pa mtazamaji kuwa ni asubuhi moja. Watu wa fani hali hiyo huiita mwendelezo. Mtazamaji hauoni kabisa ukiwapo, lakini ukikatika kidogo tu, kitasa kikiwa mkono wa kulia kisha mkono wa kushoto, hata mtoto wa shule huinuka kitini akacheka.

Nasema haya kwa kuwa yamenipata. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa watu sita, tukaenda Pangani kupiga filamu ambayo mpaka leo haijaisha. Tulikuwa na kamera ya kuazima, taa mbili, shuka jeupe la kurudishia mwanga usoni mwa mwigizaji, na bodaboda iliyobeba kila kitu isipokuwa sisi. Mimi niliandika mswada, nikashika kinasa sauti, na jioni nikawa mpishi. Asidhani mtu kwamba fedha zetu zilikwenda katika sanaa. Zilikwenda katika nauli, katika wali na maharage, na katika vocha za simu. Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya bibi mmoja mjane, ya mawe na chokaa, na katika ukuta wa ukumbi wake unyevu wa miaka mingi ulikuwa umeandika doa kubwa la rangi ya chai, mfano wa ramani ya nchi isiyojulikana. Mpiga picha wetu alilipenda doa hilo kuliko alivyotupenda sisi, akaliweka nyuma ya bwana na mkewe katika ugomvi ambao ndio moyo wa hadithi yetu. Siku ya tisa fedha zilikwisha, na mtu aliyetuahidi salio akawa hapatikani simuni. Tulikuwa tumempiga bwana akisema maneno yake yote. Maneno ya mke yalikuwa bado.

Tulirudi baada ya miezi mitano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu, karibuni, karibuni ndani. Mmeona nilivyowapambia nyumba yenu ya sinema?"

Ukumbi mzima ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, kijani mbichi ya kung'aa, kuanzia sakafuni hadi kwenye boriti. Mjukuu wake alikuwa ameolewa mwezi uliotangulia, na bibi, kwa wema wake, alikuwa amewaza arusi na sisi pamoja. Mpiga picha alitoka nje akakaa barazani, hakusema neno. Mimi nilimpa bibi hongera, nikala halua iliyobaki.

Kwa hiyo nisomapo habari za Ray sisomi kama mfuasi anayesoma manakibu ya walii wake; nasoma kama mdaiwa anayechungulia daftari la mdaiwa mwenzake, nipate kujua yeye alitokaje. Alianza kwa kukopa rupia 7,000 juu ya bima yake ya maisha. Zilipokwisha akauza vitabu vyake vya sanaa na sahani zake za santuri, vitu alivyovikusanya tangu ujana. Kisha vito vya mkewe, Bijoya, vikaenda kuwekwa rehani. Mtayarishaji mmoja alijitokeza na fedha kidogo, lakini filamu zake nyingine zilianguka, naye akaanguka nazo. Kazi ikasimama kwa muda wa karibu mwaka mzima, Ray akiendelea kwenda ofisini asubuhi na kurudi jioni kama mtu asiye na jambo. Ilipokwisha kamilika ilikuwa imekula takriban rupia 150,000, kiasi ambacho studio za zama zile zingekiona kidogo, na miaka isiyopungua miwili na nusu, ambayo hakuna studio ingekubali kuitoa.

Sasa fikiri hesabu ya miaka hiyo. Apu ni mtoto wa miaka sita, Durga ni msichana aliye ukingoni mwa kubaleghe, na ajuza wa hadithi ni mwanamke wa miaka themanini. Ray mwenyewe alisema baadaye kwamba filamu ile iliokolewa na miujiza mitatu: sauti ya Apu haikubadilika, Durga hakukua, na bibi hakufa. Wengine huicheka kauli hiyo kama mzaha wa mtu aliyefaulu. Mimi naiona kuwa ni taarifa ya kihasibu iliyo sahihi kabisa.

Watoto wenyewe walikuwa wamepatikana kwa shida. Ray alitia tangazo gazetini kumtafuta mvulana, wakaletwa wengi, akiwamo mmoja aliyefika na nywele zilizokatwa punde hiyo, poda ya kinyozi ingali shingoni. Alipoulizwa, kumbe ni msichana. Mwisho Bijoya alimwona mtoto akicheza jirani na nyumba yao, akasema ndiye, na ndiye akawa. Jina lake Subir Banerjee, sura yake ilitosha, ila kuigiza hakujua hata chembe. Katika onyesho la kwanza kule kwenye kaash alitakiwa atembee kwa kusitasita akimtafuta dada yake, asimame, ageuze kichwa, asogee tena. Alipoambiwa afanye hivyo alitembea kama askari wa gwaride. Basi Ray akaweka vijiti na vizuizi vidogo katika njia yake ili ahitaji kuangalia anapokanyaga, akawaficha watu majanini, huyu huku na huyu kule, kila mmoja amwite jina kwa zamu yake. Mtoto akawa anasikia, anasimama, anageuka, anaruka kijiti, na kamera ikaona kijana aliyepotewa na dada yake. Hila hiyo haikugharimu hata pesa moja. Nimeijaribu mwenyewe kwa mwigizaji mtu mzima, nayo ilifaa vile vile, isipokuwa yeye alikasirika.

Lakini aliyenishangaza kupita wote ni bibi. Chunibala Devi alikuwa mwigizaji wa jukwaani wa zamani ambaye dunia ilikwisha kumsahau. Rafiki za Ray walimpata kibogoyo, mgongo umepinda, akili ikiwa timamu kama saa mpya, wakapatana naye rupia 20 kwa siku. Haja yake nyingine ilikuwa kipande chake cha afyuni, ambacho pasipo nacho hakuweza kazi. Jeshi dogo kama lile halikuwa na mtu maalumu wa kutunza mwendelezo, na inavyoonekana kazi hiyo aliichukua yeye bila ya kupewa. Kamera ilipokuwa tayari, baada ya wiki au miezi ya kusimama, ajuza ndiye aliyewazuia vijana wenye digrii: wakati ule mkono wangu wa kulia ulikuwa umelowa, wakati ule uso wangu haukuwa na jasho, bunda langu lilikuwa mkono huu, na chombo mkono ule. Onyesho la maiti yake kuchukuliwa lilipopigwa, alikubali kufungwa juu ya jeneza la mianzi na kubebwa alfajiri. Walipomaliza wakamweka chini, kamba zikafunguliwa, naye hajatikisika, watu wakatazamana kwa hofu. Akafumbua macho akauliza kama wamekwisha, na ikiwa wamekwisha, kwa nini hakuna aliyemwambia, naye yuko pale anaendelea kufa? Alifariki mwaka 1955, kabla filamu haijafika katika majumba ya sinema ya mji wake.

Si kila mtu aliyengoja. Muuza halua wa kijijini, yule mnene ambaye Apu na Durga wanamfuata na mbwa wao nyuma, alifariki katikati ya kazi. Walichofanya ni kumtafuta mnene mwingine, wakampiga kwa mgongo. Mbwa naye alikufa, akapatikana wa kufanana naye. Nimelitazama onyesho hilo mara nyingi, nikilisimamisha na kulirudisha nyuma kwa kusudi la kuukamata mshono, na pale nilipojua upo bado jicho langu linapita juu yake kama mkono juu ya kitambaa kilichofumwa vizuri.

Fedha za mwisho zilitoka mahali pasipotarajiwa. Mama yake Ray alijuana na mtu aliyejuana na mkuu wa serikali ya jimbo la Bengali Magharibi, Daktari Bidhan Chandra Roy; huyo akatazama yaliyokwisha pigwa, akaagiza isaidiwe. Kwa kuwa jina la filamu maana yake ni wimbo wa njia ndogo, na serikali haikuwa na fungu la sinema, fedha ziliandikwa daftarini kuwa ni za matengenezo ya barabara. Makarani walitaka hesabu ya kila hatua kabla ya kutoa fedha ya hatua nyingine, na wakubwa wakashauri mwisho ubadilishwe, jamaa ile isihame bali ibaki iendeleze kijiji, Ray akakataa. Hata hivyo fedha za serikali zilifuata kalenda ya serikali: zilipotoka, masika yalikuwa yamekwisha, na onyesho la mvua, lile ambalo Durga anacheza chini ya matone makubwa na kupata homa itakayomwua, lilikuwa halijapigwa. Wakakaa kijijini Boral mnamo Oktoba wakitazama mawingu siku baada ya siku, mpaka ikaja mvua moja, wakaipiga hiyo. Watoto walitetemeka kwelikweli, wakanyweshwa maziwa yaliyotiwa brandi. Ule mtetemeko wa Apu chini ya mti, akijifunika kwa nguo ya dada yake, ni wa baridi na si wa fani.

Ama kumaliza kwenyewe kulikuwa kwa haraka ya kutisha, kana kwamba muda uliotumika kwa ukarimu miaka yote ile sasa ulidai deni lake. Monroe Wheeler wa Museum of Modern Art ya New York alikuwa ameona picha chache mwaka 1954 akaiomba filamu kwa maonyesho yake. Mwongozaji wa Kimarekani John Huston alipopita Calcutta akaonyeshwa vipande visivyo na sauti, akapeleka neno jema. Mpiga sitar Ravi Shankar, ambaye hakuwa na siku, alitunga na kupiga muziki wote katika kikao kimoja cha usiku, na palipopungua, Mitra mpiga picha akachukua sitar akapiga mwenyewe. Mhariri Dulal Dutta na Ray walikesha siku kadhaa mfululizo, na nakala iliyosafirishwa haikuwa hata na maandishi ya tafsiri, ikaonyeshwa New York tarehe 3 Mei 1955 kwa watu wasiojua Kibengali. Calcutta iliiona Agosti 26. Mwanzo viti vilikuwa vitupu, kisha habari zikaenda mdomo kwa mdomo na watu wakajaa. Mwaka 1956 huko Cannes ikapewa tuzo kwa ubinadamu wake. Faida iliingia katika hazina ya serikali, iliyokuwa mwenye mali; sijui kama iliandikwa katika fungu la barabara.

Mwenzangu mpiga picha alinishauri tulipige upya lile onyesho la ugomvi, pande zote mbili, mbele ya ukuta wa kijani. Lakini bwana wetu wa hadithi amehamia Muscat, anafanya kazi bandarini, na likizo yake haijulikani. Mwingine alisema tununue chokaa tuupake ukuta, tuchore doa. Tulijaribu kulichora juu ya kipande cha mbao. Likatoka kama chai iliyomwagika, wala si kama kitu kilichochukua miaka arobaini kufika pale. Kwa hiyo tumeamua kungoja, kwa maana nyumba ile iko karibu sana na mto na bahari, na mafundi wa Pangani wote watakwambia kwamba rangi ya dukani juu ya chokaa ya zamani haidumu.

Mwezi uliopita nilikwenda tena kumsalimu bibi, nikamchukulia kilo mbili za sukari. Hali yake njema, macho tu yamepungua kidogo. Alipokwenda kuchemsha chai niliinama nikautazama ukuta: upande wa chini, pale chumvi inapopanda kutoka ardhini, kijani kimeanza kubabuka, na chokaa inaonekana kwa upana wa viganja viwili.